Somo: Vifaranga, nyumba ya kuku na amani na jirani



Katika vijiji vya Kivu, magomvi mengi hayaanzi na bunduki. Yanaanza na kuku. Kuku anaingia katika shamba la jirani na kuchakura maharagwe yaliyopandwa jana. Jirani anatupa jiwe, kuku anavunjika mguu. Jioni wazazi wanatukanana, na kesho yake watoto hawachezi tena pamoja. Kama majirani hao ni wa makabila mawili, au kama mmoja alikimbia vita na mwingine alibaki, neno la kuku linaamsha maneno ya zamani.

Mwanzoni mwa mwaka 2025, baada ya vita kufika Goma, familia nyingi zilitoka katika kambi za kandokando ya mji na kurudi vijijini mikono mitupu. Kwa familia kama hizo, kuku ni mwanzo mzuri, kwa sababu mbuzi na ng'ombe ni bei kubwa. Kuku huyo ni sabuni, ni daftari la mtoto, ni dawa. Ndiyo sababu tunaleta somo hili: jinsi ya kulea vifaranga na kujenga nyumba ya kuku, bila kumpoteza jirani.

1. Vifaranga katika wiki za kwanza

Mayai huanguliwa baada ya siku 21. Kuku wa kienyeji anaweza kulalia mayai 10 hadi 12 vizuri. Tusimwongezee mengi, maana yale ya pembeni yatapoa. Vifaranga wengi hufa katika mwezi wa kwanza kwa sababu ya baridi, mwewe, panya na njaa. Kwa hiyo mama na watoto wake wakae ndani ya kitunga kikubwa kilichofunikwa, au katika kizimba kidogo, badala ya kutembea mashambani.

Kama hakuna mama, vifaranga watahitaji joto, zaidi sana usiku katika milima yetu. Tuwaangalie wenyewe, watatuambia. Wakirundikana pamoja na kulia, wanasikia baridi. Wakikimbia mbali na moto huku midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika na kula, wako vizuri. Anayetumia mbabula ya makala aache hewa iingie na aizuie vifaranga wasiiguse. Asilale na mbabula hiyo katika chumba kilichofungwa, kwa sababu hewa yake inaua watu pia.

Maji yawe safi, katika sahani fupi yenye mawe madogo ndani, ili kifaranga asizame. Chakula ni mahindi yaliyosagwa, soya iliyokaangwa, samaki wadogo waliokaushwa na kusagwa, mchwa, na majani mabichi yaliyokatwa. Soya mbichi haifai. Mahindi yenye ukungu yana sumu, tusiwape.

2. Nyumba ya kuku

Nyumba ya mita 2 kwa mita 1 na nusu inatosha kuku 15 wa kienyeji. Tunaweza kuijenga kwa miti, mianzi, matete na majani ya kuezekea. Hatua ni hizi:

- Tuchague mahali pakavu, karibu na nyumba yetu, ili tusikie mwizi au kicheche usiku. Tusiijenge chini ya dirisha la jirani. Harufu na kelele ni chanzo cha ugomvi.
- Tusimamishe nguzo, na sakafu iwe juu ya goti. Mianzi ya sakafu iachane kidogo ili mavi yaanguke chini. Vifaranga wawekewe mkeka au majani makavu, miguu yao isiingie katikati.
- Kuta ziwe na nafasi za hewa upande wa juu. Nafasi hizo ziwe ndogo, nyoka na panya wasipite.
- Ndani tuweke fito za kulalia, na viota vyenye majani makavu: kiota kimoja kwa kuku 4 au 5.
- Tusafishe kila wiki na kunyunyiza majivu dhidi ya utitiri.

Katika majira ya kupanda, kuku wabaki ndani au katika uzio hadi miche ipate nguvu. Wakifungiwa, ni kazi yetu kuwapa chakula na maji kila siku. Mavi yao tuyachanganye na majani na kuyaacha yaoze miezi kadhaa, yawe mbolea. Ndoo moja ya mbolea hiyo kwa jirani inasema zaidi ya hotuba ndefu.

3. Ugonjwa hauna mpaka

Kideri kinaweza kumaliza kuku wa kijiji kizima katika siku chache. Dalili zake ni mabawa kulegea, kuhara kijani, kupumua kwa shida na shingo kupinda. Hakuna dawa ya kukiponya. Kuna chanjo tu. Ile ya tone la jicho hurudiwa kila miezi 4 hivi, kwa kuku wazima. Tumuulize daktari wa mifugo ni ipi inayopatikana kwetu na namna ya kuitunza.

Chupa moja ya chanjo huwa ya kuku wengi, mara nyingi 100 au zaidi, na ikiisha kufunguliwa haiwekwi hadi wiki ijayo. Mwenye kuku 6 peke yake atapoteza pesa. Nyumba 15 zikichanga pamoja, kila moja inalipa kidogo, na ugonjwa unakosa njia ya kupita. Hapo tunamhitaji hata jirani tusiyesalimiana naye, kwa sababu kuku wake wasiochanjwa wanaweza kuleta ugonjwa kwetu.

Wazee husema: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Basi kuku aliyenunuliwa sokoni akae peke yake wiki 2 kabla ya kuchanganywa na wengine. Aliyekufa kwa ugonjwa azikwe au achomwe. Kumuuza au kumtupa njiani ni kumpelekea mwingine msiba.

4. Tupatane mapema

Kabla ya mvua za kupanda, majirani wakae pamoja, wanawake wakiwemo, maana mara nyingi kuku ni wao. Wapatane siku ya kufungia kuku, malipo ya miche iliyoharibiwa, na mtu wa kwenda kuonana naye kabla ya kutupa jiwe. Patano hilo liwe jepesi na lijulikane na wote.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

- Kwetu, ugomvi wa mwisho kuhusu mifugo ulianzaje? Nani angeweza kuuzuia?
- Ni nyumba ngapi zinaweza kuchangia chupa moja ya chanjo?
- Je, kuna jirani ambaye hatujamwalika? Nani ataenda kwake?