Maendelezo ya Kiingereza: Ukoo wa Maneno

Tumewasikia waalimu wa huku Kilimanjaro, toka Machame hata Rombo, wakilalamika kwamba mtoto asomaye Kiswahili bila shida hukwama afikapo kwenye Kiingereza. Neno "sign" hulisikia "sain", nalo lina g isiyosikika. Akiiacha hukosa alama, na pengine huchapwa. Kisha akifika sekondari, ambako masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, hubaki nyuma. Kwa maoni yetu mtoto huyu hana kosa. Amezoea lugha iandikwayo kama isemwavyo, wala hakuambiwa kwamba Kiingereza huandika pia ukoo wa neno.

Na tuanze nyumbani. Twasema watu wawili, bali nyumba mbili. Mti mrefu, bali njia ndefu. Shina ni lile lile, -wili na -refu. Sauti imegeuka, nasi tukaandika sauti. Mara nyingi Mwingereza hufanya kinyume: sauti hugeuka, maandishi hukaa. "Heal", kuponya, husemwa "hiil". "Health", afya, husemwa "helth". Lakini ea haikuondoka, na jicho hutambua udugu ambao sikio limeupoteza.

Basi mwalimu asiandike "sign" peke yake ubaoni. Chini yake aandike "signal", ishara, na "signature", sahihi ya mtu, kisha watoto wayasome kwa sauti. Hapo g yasikika waziwazi. Babu yao ni neno la Kilatini "signum", yaani alama. Hata saini tunayotia kwenye hati ni mjukuu wake. Vivyo hivyo w ya "two" imelala, bali yaamka katika "twelve", "twenty" na "twin", yaani pacha.

Mtoto atauliza, mbona "school" haisomwi kwa ch ya chai? Neno hili asili yake ni kwa Wayunani. Walikuwa na herufi ambayo Warumi waliiandika ch, na Waingereza huisoma k. Ndivyo ilivyo katika "Christ", "chorus" na "stomach", tumbo. Na "shule" yetu, tuliyoipokea kwa Wadachi waliotawala Moshi hata 1916, ni ya ukoo uo huo, ila imepita njia nyingine.

Neno refu nalo likatwe. Katika jina la KNCU, chama cha ushirika wa kahawa kilichoanzishwa 1933, mna neno "Co-operative". "Co-" ni pamoja, na "operate" yatoka katika "opus", kazi kwa Kilatini. Kazi ya pamoja! Mtoto wa mkulima akiliona hivyo, ataandika o mbili, na kuzisoma mbalimbali, si kama zile za "school".

Lakini mwalimu asibuni ukoo usiokuwapo. "Island", kisiwa, ina s isiyosikika, nayo haina asili: waandishi wa zamani walidhani neno hilo ni ndugu wa "insula" ya Kilatini, wakaipachika. (Sisi makarani tuna mengi ya kujibu.) Neno la namna hiyo mtoto na alishike kwa moyo tu, na mwalimu amwambie wazi kwamba hili halina sababu nyingine.