DARSA LA RAMADHANI, SIKU YA 17: Siku jua lilipopatwa

Ndugu zangu wa hapa Same mjini na nyie mlioko huko milimani.

Juzi baada ya tarawehe kijana mmoja kaniuliza swali, sikulijibu palepale. "Ustadh, nikiwa juu kule Shengena, mawingu yako chini yangu, machozi yananitoka na najua kabisa Mungu yupo. Nikishuka mjini akili inaanza maswali. Nifuate lipi?"

Nimekaa nalo siku mbili. Jibu langu linaanzia Madina. Mtume (s.a.w.) alifiwa na mwanawe mdogo, Ibrahim, na siku hiyohiyo jua likapatwa. Watu wakaogopa, wakasema jua limepatwa kwa ajili ya msiba huu. Hebu fikiria, baba yuko kwenye majonzi, na watu wameshaamini wenyewe. Angenyamaza tu, ingetosha. Hakunyamaza. Aliwafundisha kwamba jua na mwezi ni alama mbili za Allah, hazipatwi kwa ajili ya kufa kwa mtu wala uhai wake. Halafu akawaswalisha swala ndefu.

Kwa hiyo ile hofu hakuifuta, aliielekeza kwenye swala. Alichokikataa ni yale maelezo ambayo hofu iliyatunga.

Wengi mnakumbuka Septemba 1, 2016. Rujewa kule Mbeya jua lilibaki kama pete, sisi huku likamegwa sehemu tu. Wataalamu walishatangaza mapema siku na saa. Je, kujua saa kulituondolea mtetemo kifuani? Mimi hapana.

Sasa nakuja kwa ndugu zetu wenye ugonjwa wa sukari, maana hili ndilo linaloninyima usingizi. Kila Ramadhani nasikia mtu kalia kwenye dua, moyo ukatulia, akaamua ameshapona na dawa kaziacha. Machozi yake ni ya kweli, alhamdulillah. Lakini machozi hayapimi sukari, inapimwa zahanati. Na Qur'ani yenyewe, Suratul Baqara aya ya 184, imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine.

Kijana wangu, panda Shengena, na ulie. Maswali nayo yalete, nipo msikitini kila siku baada ya alasiri. Na yule aliyeacha dawa, anajijua, anipigie leo kabla ya daku.