Mbuni na Wazazi Wake: Somo Nililolipata kwa Kukosea



Kwetu Kanama, juu kidogo ya Gisenyi, watu hulima viazi na kuchuma chai. Kahawa unaikuta ukiteremka kuelekea Ziwa Kivu, na huko mjomba wangu ana mibuni yake. Kwa hiyo nilipopewa zoezi la kupanga vichaka vitatu vya kahawa kwa undugu wao, nilijiona nimeshafaulu. Arabika na Coffea eugenioides vina majani madogo, nikaviweka pamoja. Robusta, yaani Coffea canephora, ina majani mapana, nikaitenga. Mwalimu akaandika kwa wino mwekundu: "Mtoto umemfanya ndugu."

Sikukubali. Nilirudi kwenye DNA ili nimshinde.

DNA husomwa kwa herufi nne: A, C, G na T. Unachukua kipande kilekile kutoka kila mmea, unavipanga kimoja chini ya kingine, kisha unatazama zilipobadilika. Tuchukue mfano niliojitungia:

Wa kwanza: ACGTTGCAAC
Wa pili: ACGTTGCGAC
Wa tatu: ATGTCGCAAT

Wa kwanza na wa pili wanatofautiana herufi moja tu, ya nane. Wa kwanza na wa tatu, herufi tatu. Wa pili na wa tatu, nne. Basi wawili wa mwanzo ndio walio karibu. Kazi halisi hutumia herufi mamia au maelfu, na kompyuta ndiyo huhesabu. (Kwa watakaoingia maabara: chukueni majani machanga na myakaushe upesi. Jani la kahawa lililokomaa lina kemikali nyingi zinazogeuza DNA kuwa ya kahawia na isiyofaa.)

Nilianza na DNA ya kloroplasti, na nikafurahi: arabika ilikaa na eugenioides, kama nilivyosema. Lakini kloroplasti ya kahawa hurithiwa kwa mama. Ni sawa na kumuuliza mtu ukoo wake kwa upande mmoja tu. Nilipofika kwenye DNA ya kiini cha seli, arabika ilikuwa na nakala mbili tofauti: moja inafanana na ya eugenioides, nyingine na ya robusta. Hata hesabu ya kromosomu inasema hivyo. Wale wawili wana 22 kila mmoja, arabika ina 44. Eugenioides ni mama, robusta ni baba. Utafiti wa jenomu uliochapishwa mwaka 2024 unakadiria kwamba walikutana zaidi ya miaka 600,000 iliyopita. Mwalimu alikuwa sahihi, nami nilikwenda kumwambia.

Si mimi wa kwanza kudanganywa na umbo. Antoine de Jussieu aliuita mbuni yasmini kwa sababu ya ua lake, mpaka Linnaeus akaupa jenasi yake. Mwaka 2011 Aaron Davis wa Kew na wenzake waliiingiza jenasi ya Psilanthus ndani ya Coffea kwa ushahidi wa DNA na wa umbo, na spishi za kahawa zikafika 124.

Mjomba alinisikiliza, kisha akauliza jambo lake: "Mbona kutu ya majani ikiingia, mibuni yangu yote huugua pamoja?" Hapo undugu unakuwa na bei. Arabika ilizaliwa na wazazi wachache sana, hujichavusha yenyewe, na mbegu zilizotoka Yemen kuenea duniani zilikuwa chache. Mibuni yake inakaribia kuwa mmoja. Aina nyingi zinazohimili kutu zilipata kinga hiyo kwa robusta, kupitia chotara wa asili aliyeonekana kisiwani Timor.

Na yule mama, eugenioides, bado huota porini katika nyanda zetu za juu, kuanzia Kongo mashariki na Rwanda hadi Kenya. Ni kichaka chembamba chenye punje ndogo, na asiyekijua hukikata kuni. Mjomba ameniomba nimletee picha yake.