Kituo Kidogo cha Sola cha Kerman

Muhula uliopita kulizuka ubishi katika mkutano wa chama chetu. Stima ilikuwa imepotea, saa saba mchana, jua linawaka ajabu. Mwenzetu mmoja wa Kidato cha Tatu akauliza: "Jirani yetu ana sola iliyoungwa na stima ya kawaida. Mbona naye hana stima, na jua lipo?" Wengine wakacheka, wakadai sola hiyo ni bandia. La, si bandia. Jibu ninalo, ila kwanza twende Marekani.

Katika jimbo la California, karibu na Fresno, kuna mji wa wakulima uitwao Kerman. Mwaka 1993 kampuni ya umeme ya Pacific Gas and Electric ilijenga huko kituo cha sola cha kilowati 500. Umeme huo pasi 500 zingeumaliza! Kampuni kubwa vile ilitaka nini na kijikituo hicho?

Ilitaka kujua faida ya kuweka kituo karibu na watumiaji. Kiangazi bonde lile huwa kama tanuri, na watu huwasha mashine za kupoza hewa. Umeme wa kuziendesha hutoka mbali, ukipitia nyaya na transfoma zile zile. Waya ukibeba umeme mwingi hupata moto, na moto huo ni umeme uliopotea njiani. Wenye kusoma fizikia wanajua: mkondo ukipungua nusu, upotevu hushuka hadi robo. Basi umeme wa Kerman uliingia karibu na wenye kuutumia, ukaipunguzia transfoma mzigo na kuisaidia volteji isishuke. Paneli zenyewe ziligeuzwa na mitambo kulifuata jua, ili alasiri, wakati wa joto kali, zisiwe zimelipa jua kisogo. Mimi hilo ndilo lililonifurahisha zaidi.

Haya, umeme huo huingiaje kwenye gridi? Paneli hutoa umeme wa kwenda upande mmoja tu, kama wa betri ya tochi. Umeme wa gridi huenda na kurudi, mara 60 kwa sekunde kule Marekani, mara 50 hapa Kenya. Kazi ya kubadilisha hufanywa na inveta, na si kubadilisha tu. Hufanya kama mcheza ngoma anayeingia uwanjani: husikiliza mapigo kwanza, ndipo hutia mguu.

Je, ngoma ikinyamaza? Inveta ya namna hii sharti ijizime papo hapo. Fikiria fundi aliyepanda mlingoti kutengeneza waya uliokatika. Anaamini hauna umeme. Sola ya nyumbani ikiendelea kusukuma volti 240 barabarani, ile transfoma inayotushushia umeme itafanya kazi kinyumenyume, na waya alioushika fundi utakuwa na volti 11,000. Huyo fundi ni baba wa mtu, pengine wa mmoja wetu.

Kwa hivyo jirani hakuuziwa sola bandia. Akitaka stima wakati gridi imekufa, aongeze betri, inveta inayoweza kujitegemea, na swichi ya kuitenga nyumba yake na nyaya za nje kabla taa ya kwanza haijawaka.