Somo la mifugo: Mwili wa mbuzi unakumbuka namna gani?

Ndugu wanamemba wa koperative, kuna malalamiko tunayosikia mara nyingi: "Tulichanja mbuzi, lakini kisha siku tatu wakaanza kuhara na kutoka makamasi. Chanjo ya sotoka haina nguvu!" Tuone kwanza mwili unatumika namna gani.

Ndani ya damu ya mbuzi muna chembe nyeupe zinazoitwa chembe T. Kila moja inatambua adui wake tu. Chanjo inaonyesha mwili virusi vya sotoka vilivyolegezwa. Chembe chache zinazovitambua zinaanza kuzaana mpaka zinakuwa nyingi sana. Kazi hiyo inaomba juma moja, mawili au zaidi.

Sotoka yenyewe huonekana siku 4 hadi 6 hivi kisha kuambukizwa. Basi mbuzi aliyegonjwa siku ya tatu, ugonjwa ulimutangulia. Sindano ilichelewa.

Kazi ikiisha, chembe nyingi zinakufa. Chache zinabaki kama kumbukumbu, kwa aina tatu:

1. Zinazongoja ndani ya tezi, kama zile za shingoni. Adui akirudi, zinazaana haraka.
2. Zinazozunguka katika damu na viungo. Hizi zinapiga mara moja.
3. Zinazokaa mapafuni, tumboni na kwenye ngozi bila kutoka. Zinalinda mlango.

Chembe hizi zinajigawa polepole, mpya zinachukua nafasi ya zinazokufa, hata kama virusi haviko tena mwilini.

Lakini kinga haidumu sawasawa. Chanjo ya sotoka ya mbuzi inalinda miaka 3 hivi. Kuku wa Newcastle, chanjo ya tone la jicho (I-2) irudiliwe kila miezi 4. Sotoka ya ng'ombe, chanjo moja ilitosha maisha yote. Hiyo ilisaidia ugonjwa ule kutangazwa umekwisha duniani mwaka 2011.

Tufanye hivi:

- Tuchanje wakati kijiji kiko salama, tusingoje mizoga.
- Chupa ikae kwenye baridi. Chanjo iliyouawa na joto haifundishi mwili kitu.
- Watoto wa mbuzi hawarithi kumbukumbu hiyo. Maziwa ya mama yanawalinda miezi michache tu. Tuwachanje wakifikisha miezi 4.
- Tuandike tarehe katika daftari la kikundi.

Ulizo la kujadili: katika zizi lako, ni mbuzi wangapi wamezaliwa tangu chanjo ya mwisho?