Kipindi cha Michezo Katika Uwanja Mdogo

Katika mji wa mpakani kama Tunduma, ambako nyumba, maduka na foleni za malori yaendayo Zambia vimeibana ardhi, kipindi cha michezo aghalabu huwa hivi: mpira mmoja, wavulana 22 wakicheza, na darasa lililosalia likiwatazama. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 aushughulishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Mtazamaji hapati hata moja.

Twapendekeza mwalimu aligawe darasa katika vikundi vya watoto wanane. Kimoja kiruke kamba, kingine kicheze rede kwa mpira wa matambara, kingine kipokezane vijiti. Baada ya dakika 5 wabadilishane. Wasichana wasigeuzwe watunza sweta za wenzao. Kabla na baada ya zoezi, kila mmoja ahesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 15, azidishe kwa 4; hapo hesabu nayo imefundishwa.

Kukimbia kusiwe adhabu. Mchelewaji anayezungushwa uwanja mara kumi hufunzwa kuchukia mbio, na pengine ametembea mwendo mrefu bila kifungua kinywa. Huyo aanze na kazi nyepesi.