Maji Yaliyochafuliwa kwa Miguu
Somo: Ezekieli 34:17-22

Katika somo hili Bwana hahukumu mbwa-mwitu; ahukumu kondoo wa kundi lake mwenyewe. Walionona walikunywa maji safi, kisha wakayavuruga kwa miguu yao. Walimu wasiipite aya ya 18 upesi. Twaona ya kuwa wanyonge hawakukatazwa kunywa. Waliachiwa maji, lakini maji ya tope. Hivyo mtu aweza kumdhulumu mwenziwe pasipo kumpiga wala kumnyang'anya.

Dhuluma ya namna hiyo ilionekana Marekani, katika jimbo la North Carolina. Mwaka 1978 watu walimwaga kwa siri, kando ya barabara, mafuta yenye sumu iitwayo PCB, yaliyokuwa yakitumika katika mitambo ya umeme. Barabara zilizochafuliwa zilipata kama maili 240. Sumu hiyo haiozi upesi. Hukaa udongoni miaka mingi, huingia katika samaki na katika mafuta ya mwili wa mtu, nayo huleta saratani. Basi serikali ya jimbo ikaazimu kuuzoa udongo ule wote na kuuzika mahali pamoja. Ikachagua Warren County, ambako wenyeji walio wengi walikuwa watu weusi, tena maskini, nao walihofu sana kwa ajili ya maji ya visima vyao.

Septemba 1982 malori yakaanza kufika. Wakristo wakakutana katika kanisa la Coley Springs Baptist, wakaomba, wakaenda kwa miguu hata shimoni. Wengine wakalala barabarani mbele ya malori. Katika majuma yale watu zaidi ya 500 walikamatwa. Shimo likajazwa vivyo hivyo.

Wako wasemao kwamba takataka hazina budi kuwekwa mahali. Ni kweli, wala hatubishi. Twauliza tu kwa nini mahali penyewe pawe kwa ndugu yule yule kila mara. Mwaka 1987 kanisa liitwalo United Church of Christ lilitangaza uchunguzi wake wa nchi nzima: mahali palipowekwa takataka za sumu palifuatana na rangi ya wenyeji kuliko hata umaskini wao.

Udongo wa Warren ulisafishwa baadaye kwa joto kali. Kazi ilipokwisha, mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa malori alikuwa mtu mzima.